Sauti zimenyamaza, lakini je, anaweza kazi?



Kijana ametoka hospitali. Alikuwa anasikia sauti za watu wasioonekana, akafikiri jirani wanataka kumwua. Ugonjwa huu unaitwa skizofrenia. Sasa anakunywa dawa, sauti zimenyamaza, na jamaa wanasema: amepona, arudi kwenye mashine. Kisha anasahau maagizo ya kapita, na nyumbani wanamwita mvivu, ao wanasema amelogwa.

Fahamuni vema: ugonjwa huu unagusa pia akili ya kushika mambo na kufikiri upesi. Dawa zinatuliza sauti. Kwa jambo hili la pili zinasaidia kidogo tu. Ndiyo maana akili lazima ipimwe peke yake.

Munganga anamwambia: taja nyama wengi unavyoweza kwa dakika 1. Ao anamsomea majina ya vitu, mgonjwa anayarudia. Ao anampa karatasi ya alama, aandike upesi tarakimu ya kila alama. Kipimo kimoja cha Marekani, MATRICS, kina mazoezi 10. Lakini mtu ambaye hakukaa shuleni atashindwa na kalamu hata akiwa mzima. Alinganishwe na watu wa masomo kama yake, tena kwa lugha aliyoizoea.

Na karatasi haipiki bukari! Mwaka 2001 waganga wa San Diego walitoa kipimo kingine, UPSA: mgonjwa anahesabu feza, anapiga telefone, anapanga safari ya basi, nao wanatazama.

Ninyi nyumbani mnaona zaidi yao. Munganga akiuliza, msijibu tu “anaendelea vizuri”. Semeni: tulimtuma sokoni kununua vitu 3, akaleta 1, lakini feza iliyobaki ilikuwa sawa. Je, anaoga bila kukumbushwa? Anakumbuka dawa mwenyewe? Anaacha chungu motoni? Yale anayoyaweza msiyafiche, maana ndiyo yanayoonyesha kazi ya kumpa. Mgonjwa mwenyewe aulizwe pia, ijapokuwa mara nyingi anajiona mzima kuliko alivyo.

Nanyi wakubwa wa kazi, msimpe lori ao baruti mbele ya munganga kumpima. Wengi wanafanya kazi vema wakisaidiwa: agizo moja kwa mara moja, mahali pamoja, na mwenzake wa kumwonyesha. Akisinzia mchana, asiache dawa. Aende kumwambia munganga, pengine ni dawa inayomlemea.