Neno la Kiingereza Lililofika Same

Katika vitabu vya Kiingereza mtakutana na neno «graduated». Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwa lugha hiyo, gradus ni hatua ya mguu, tena ni kipandio cha ngazi. Basi kila kitu kipandacho au kishukacho kwa vipimo vilivyopangwa, Waingereza hukiita graduated. Chupa ya dawa iliyotiwa alama za kipimo ubavuni huitwa hivyo. Na mtu aliyepanda ngazi za elimu mpaka akamaliza Chuo Kikuu huitwa «graduate». Neno digrii nalo ni la ukoo huo huo.

Sasa tazameni jinsi neno hili lilivyofika katika milima ya Upare. Wakati wa ukoloni, wanaume walilipa kodi ya kichwa, kiasi kimoja kwa tajiri na maskini. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, watawala wa wilaya ya Pare walileta kodi ya namna nyingine, nayo ilikuwa graduated, yaani kodi ya ngazi: mwenye mali nyingi atoe zaidi, mwenye chache atoe kidogo. Watu waliijua kwa jina la mbiru.

Ukisikia maneno hayo, waona ni haki. Lakini ngazi haimfai mtu asiyejua amewekwa katika kipandio gani, wala kwa sababu gani. Mali ya kila nyumba ilikadiriwa tu, na shamba na mifugo havihesabiki kama fedha mkononi. Watu wakanung'unika. Mwezi wa Januari 1945, maelfu ya wanaume walikwenda Same, yaliyokuwa makao makuu ya wilaya, kuikataa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walitaka kiasi kimoja kinachojulikana. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walitoka kudai neno hilo hilo. Mwishowe mbiru ikaachwa.

Hata leo kodi ya mishahara katika Tanzania hupanda kwa ngazi. Lakini vipandio vyake vimeandikwa katika sheria, na mshahara wajulikana kwa shilingi.

Basi, mjifunzapo neno geni, msiridhike na tafsiri yake tu. Ulizeni pia: katika kazi yake, ni nani apimaye, na kwa kipimo gani?

Maswali
1. Gradus maana yake nini?
2. Kodi ya kichwa na mbiru zilitofautianaje?
3. Kwa nini watu waliikataa mbiru?