Kiziwa cha samaki kando ya baraza: tuhesabu maji kwanza

Kwenye kareri za dhahabu za Kabambare, upande wa Namoya na Salamabila, hakuna mtu wa kuelezwa mto wa tope ni nini. Maji ya kuoshea mchanga yanarudi mtoni mekundu, na mvuvi aliyeshuka na ndoana asubuhi anapanda na mikono mitupu. Kule Kasongo mto Lualaba hauko mbali sana, lakini samaki anayefika sokoni mara nyingi mama anamtazama tu, anauliza bei, anapita. Basi jamaa nyingi zinajiuliza: tungefuga samaki wetu hapa hapa ndani ya parseli, kando ya baraza, je, inawezekana?

Inawezekana. Tena si jambo geni katika nchi yetu. Karibu na Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kulikuwa na kituo cha Kipopo kilichojifunza ufugaji wa tilapia tangu miaka ya 1940, na mbele ya uhuru wa 1960 Kongo ilikuwa imehesabu viziwa zaidi ya 100,000. Vingi viliachwa. Sababu moja ilikuwa tilapia mwenyewe: anazaa akiwa bado mdogo, anazaa tena na tena, mpaka kiziwa kinajaa samaki wa ukubwa wa kidole ambao hawakui. Baadaye vijana wa kujitolea kutoka Marekani walikuja kufundisha upya. Mmoja wao, Mike Tidwell, aliyekaa Kalambayi katika Kasai kati ya 1985 na 1987, aliandika kitabu juu ya kazi hiyo. Anasimulia mtu aliyechimba kiziwa kwa jasho miezi mingi, na siku ya kuvua ndugu na majirani wakafika na vyombo vyao, wakaondoka na sehemu kubwa ya samaki. Nadhani hakuna msomaji wetu atakayeshangaa!

Lakini viziwa vile vilikuwa vikubwa, vilichimbwa bondeni ambapo maji yanakuja yenyewe. Kiziwa cha nyumbani hakina kijito. Kila litri inaingia kwa mvua au kwa kichwa cha mtu. Na sisi sote tunajua ni kichwa cha nani: cha mama, na cha wasichana wa nyumba.

Kwa hiyo mbele ya kununua simenti, baba aketi na mama na watoto, wachukue kalamu. Tuseme baba anataka kiziwa cha metre 3 kwa 2, maji ya kina cha sentimetre 80. Zidisha: ni litri 4,800. Bidoni za litri 20 zitakuwa 240. Na si mara moja tu, kwa sababu samaki wanakula na kuchafua, na maji lazima yabadilishwe. Ukitoa robo moja kila wiki, ni bidoni 60 kila wiki. Msichana gani atakayefika darasani kwa wakati? Mimi ningesema wazi kwamba kiziwa cha namna hiyo, kwa jamaa isiyo na bomba, ni mzigo na si msaada.

Sasa punguza. Metre 2 kwa 1 na nusu, kina kile kile: litri 2,400, yaani bidoni 120, na robo yake ni bidoni 30. Bado ni mingi, lakini hapa paa linaweza kusaidia. Nyumba yenye mabati ya metre 8 kwa 5 ina metre mraba 40. Mvua ya milimetre 30, ile ya kawaida yenye nguvu, inaangusha juu yake litri 1,200. Hata ukipoteza kidogo, mvua mbili au tatu zinajaza kiziwa chote na hakuna mtu aliyebeba kitu. Unahitaji mfereji wa bati chini ya paa, na pipa safi la akiba. Maji ya kwanza baada ya ukame yaache yapite, yanashuka na vumbi na mavi ya ndege.

Kwa nini tujenge juu ya udongo na tusichimbe tu shimo? Sababu ya kwanza ni mtoto. Shimo lenye maji karibu na mlango linaweza kuchukua mtoto wa miaka miwili kwa dakika chache, bila kelele. Ukuta wa metre moja unamzuia, mradi usiache kiti, kinu au bidoni kando yake, maana watoto wanapanda. Juu yake weka kifuniko cha miti na wavu, kilichofungwa kwa nguvu. Sababu ya pili ni mvua kubwa: maji yanayotiririka katika parseli yanaleta tope na uchafu wa choo, na yanaingia katika kila shimo.

Ila maji ni mazito. Litri 2,400 ni kilo 2,400. Ukuta wa urefu wa metre 2 unasukumwa na maji kwa nguvu ya kilo 640 hivi, mchana na usiku. Matofali mabichi hayatastahimili. Tumia matofali ya kuchoma, ukuta wa unene wa sentimetre 20 au zaidi, ukandike ndani kwa simenti, kisha shindilia udongo nje kuzunguka mpaka nusu ya ukuta. Asiye na simenti ya kutosha anaweza kusimamisha miti imara na kutandika ndani turubai, ile tunaita bashi, lakini achunguze miti kila mwezi kwa sababu ya mchwa. Usijenge juu ya baraza lenyewe, ambalo mara nyingi ni udongo uliojazwa tu, wala usiegemeze kiziwa kwenye ukuta wa nyumba. Acha nafasi ya metre moja, mtu apite. Chini weka bomba la kutolea maji, na mdomo wake uelekee shamba dogo la mboga. Na kama umetumia simenti, jaza maji, yaache siku kadhaa, yamwage, rudia mara mbili au tatu mbele ya kutia samaki. Ukali wa simenti mpya unawaua.

Tukija kwa samaki mwenyewe, ushauri wangu ni kambale. Tilapia anapumua hewa iliyo ndani ya maji, na katika kiziwa kidogo hewa hiyo inapungua usiku. Alfajiri utawaona juu, midomo wazi, na saa nyingine wamekufa. Kambale anapanda kuvuta hewa kama sisi. Tena hazai ndani ya kiziwa cha namna hii, kwa hiyo ukitia 25, hawatageuka 300. Ana ubaya wake: mkubwa anakula mdogo, basi tafuta wa kimo kimoja, na baada ya mwezi tenga waliozidi. Anaruka pia, na usiku wa mvua anaweza kutembea kwenye majani, ndiyo kazi nyingine ya ule wavu. Vijana wanajua wapi pa kumpata, kwenye majani yaliyofunikwa na maji mvua zinapoanza.

Lakini vijana, sikieni vizuri: msichukue samaki wala maji chini ya mahali panapooshwa dhahabu. Zebaki, ambayo wachimbaji wanaita merkire, haiishi mtoni. Inakaa ndani ya tope, inageuka sumu inayoingia katika samaki, na samaki anaiweka mwilini. Huko Minamata, Japani, mwaka 1956 watu waligunduliwa kuugua kwa kula samaki wa namna hiyo, na watoto walizaliwa na ulemavu. Mapatano ya mataifa juu ya zebaki ya mwaka 2013 yanaitwa kwa jina la mji huo. Vilevile pipa lililobeba dawa za mgodi lisiwe kiziwa wala akiba ya maji, hata likioshwa mara kumi. Na baba anayechoma dhahabu nyumbani, moshi wake unatua juu ya kiziwa na juu ya watoto pia. Afadhali aache kabisa kuchomea ndani ya parseli.

Chakula si shida kubwa kwetu. Pumba za mpunga Kasongo ziko, mashudu ya ngazi yako, mchwa wa kichuguu ni nyama nzuri kwa kambale, na matumbo ya kuku yaliyopikwa pia. Lisha asubuhi na jioni, kidogo, kile wanachomaliza kwa dakika chache. Kinachobaki kinaoza na maji yananuka. Juu ya mbu, watu wanaogopa, na wana haki, lakini samaki wanakula viluwiluwi vya mbu. Hatari ni kiziwa kisicho na samaki na majani yanayoachwa pembeni.

Faida ni nini? Ukiwatunza vizuri, kati ya 25 utavua labda 20, wa gramu 300 au 400 kila mmoja. Ni kilo 6 mpaka 8 kwa miezi saba au nane. Si biashara, na anayekwambia utauza samaki na kununua pikipiki anakudanganya. Ni samaki 20 kwa sahani za watoto, na inafaa jamaa ikubaliane mapema wangapi ni wa wageni na ndugu, ili siku ya kuvua isiwe siku ya ugomvi.

Kazi ipangwe kwa majira. Jenga mwezi wa 7 na wa 8, wakati wa ukame, matofali yakauke. Mvua za mwezi wa 9 na wa 10 zijaze. Tia samaki mwezi wa 10 au wa 11, na uvue mwezi wa 5 au wa 6, mbele ya visima kukauka. Hivyo miezi migumu ya maji inakuta kiziwa kitupu, na wasichana hawana bidoni ya samaki ya kubeba. Kila maji yanayotolewa yaende kwenye lengalenga na sombe, na lile tope la mwisho lichotwe kwa jembe, litandazwe mahali mtakapopanda nyanya.