Beki wa Garissa Huondoka Bila Risiti

Ng'ombe anayepakiwa lori kutoka soko la mifugo la Garissa kwenda Nairobi hutakiwa kuwa na kibali. Dalali wake anajulikana, aliyemuuza anajulikana, bei imeshakubaliwa. Beki wa miaka 18 wa mji huohuo huvuka daraja la Mto Tana na begi, viatu na nauli ya mchango. Klabu iliyomlea hubaki na jezi yake tu, tena kama aliirudisha.

Pesa zenyewe zipo. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji wa kulipwa akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomfunza: asilimia 0.25 ya ada kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, kisha 0.5 kwa kila msimu hadi 23. Mkenya Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, ada iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Msimu mmoja wa asilimia 0.5 hapo ni pauni 62,500. Hata beki wa dola 100,000, ikiwa alichezea Garissa misimu mitatu kuanzia miaka 16, angeirudishia klabu dola 1,500. Si utajiri, lakini ni mipira, jezi na mafuta ya matatu ya mechi za ugenini.

Vipaji navyo vimeonekana. Berlin FC ya Garissa iliwakilisha Kaskazini Mashariki katika mashindano ya Chapa Dimba na Safaricom. Tatizo ni daftari. Tangu Novemba 2022 mgao huo wa asilimia 5 hupitia kituo cha malipo cha FIFA Clearing House, Paris, inayofuata rekodi za usajili. Kijana aliyecheza mtaani Bulla Iftin miaka sita bila kusajiliwa na Shirikisho la Soka Kenya (FKF), kwa Paris hakucheza popote. Wenye klabu hupenda kuwalaumu mawakala wa Nairobi. Mimi nawalaumu wao wenyewe kwanza.

Kuna jambo moja lisilo kosa lao: kitambulisho. Vijana wa kaunti za mpakani walipigwa msasa wa ziada kwa miaka mingi, na mtu mzima asiye na kitambulisho hapati pasipoti ya kwenda kucheza nje. Rais William Ruto alitangaza kuuondoa msasa huo akiwa Wajir, Februari 2025.

Basi, kiongozi wa klabu, usimsubiri beki wako avuke Tana. Anza na wa miaka 12: cheti cha kuzaliwa, picha, usajili wa FKF, kila msimu.