Saa ya mfululizo (kompyuta)

Saa ya mfululizo ni hesabu ya muda iliyomo ndani ya kompyuta ambayo huenda mbele tu. Mtumiaji hawezi kuirudisha nyuma wala kuirusha mbele. Hutofautiana na saa ya kalenda, inayoonyesha tarehe na saa ya siku, ambayo inaweza kusahihishwa wakati wowote. Kuchagua kati ya hizo mbili ni jambo muhimu hasa katika kompyuta ndogo zilizomo ndani ya vifaa kama pampu, mita na mashine za hospitali.

Mfano kutoka Makunduchi

Tofauti ya namna hii ilijulikana pwani kabla ya kompyuta. Makunduchi, katika Mkoa wa Kusini Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa kila Julai, mwanzo wa mwaka wa jua wenye asili ya Nairuzi ya Kiajemi. Kwa hesabu ya jadi mwaka huo una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za nyongeza. Wakulima na wavuvi walihesabu siku zilizopita tangu Siku ya Mwaka ili kujua misimu. Idi, kwa upande wake, hufuata kuandama kwa mwezi, na mwezi huwa na siku 29 au 30. Kila hesabu ina kazi yake, lakini ya kwanza haingoji mwezi uonekane.

Kusubiri kwa kikomo

Programu za vifaa mara nyingi hugawanywa katika nyuzi, yaani kazi kadhaa zinazoendeshwa sambamba. Katika pampu, uzi mmoja unaweza kusoma kipimo cha maji na mwingine kuendesha mota. Uzi wa mota husubiri taarifa. Ikikosekana kwa sekunde 30, huzima mota.

Katika kiwango cha POSIX, kazi iitwayo pthread_cond_timedwait haipewi urefu wa muda, bali wakati wa mwisho wa kusubiri. Isipoelekezwa vingine, hutumia CLOCK_REALTIME, yaani saa ya kalenda, inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970.

Hatari

Saa ya kalenda ikirudishwa nyuma kwa saa sita, kikomo cha sekunde 30 huwa saa sita na sekunde 30, na mota inaweza kuzunguka bila maji hadi iungue. Ikirushwa mbele, kikomo hufika papo hapo na mota huzimwa bila sababu.

Kosa la saa sita ni rahisi kutokea kwa Waswahili, kwa kuwa 08:00 huitwa saa mbili asubuhi. Anayekuta kifaa kinaonyesha 08:00 akakibadilisha kiwe 02:00 amekirudisha nyuma kwa saa sita. Vilevile, kifaa kisicho na betri ya saa huweza kuanza tena mwaka 1970 kila umeme ukikatika, kisha kuruka zaidi ya miaka 50 kikipata saa sahihi kutoka mtandaoni.

Matumizi sahihi

Kabla ya kuanza kusubiri, mwandishi wa programu huchagua CLOCK_MONOTONIC kwa kutumia pthread_condattr_setclock. Wakati wa mwisho lazima usomwe kutoka saa hiyohiyo. Katika Linux saa hii huanza karibu na sifuri kompyuta inapowashwa. Hivyo kikomo kilichokokotolewa kwa saa ya kalenda hakitafika kwa miongo ya miaka. Toleo la POSIX la 2024 limeongeza pthread_cond_clockwait, ambayo hutajiwa saa kila inapoitwa.

Katika Linux, CLOCK_MONOTONIC haihesabu muda ambao kifaa kimelazwa ili kuokoa umeme, CLOCK_BOOTTIME huuhesabu.

Saa ya kalenda hubaki sahihi kwa kazi zinazofuata saa za watu, kama kufungulia maji kila siku saa 12 asubuhi. Kwa kupima muda uliopita, hutumiwa saa ya mfululizo.