Taifodi ya Karatasi na Taifodi ya Kweli

Kama unaishi hapa Kware, bila shaka umewahi kuambiwa una taifodi. Wengi wetu tumeambiwa. Homa ikikushika, kichwa kikauma na tumbo likavuruga, unaingia kliniki ya karibu, unatolewa damu kidogo, na baada ya muda mfupi karatasi imetoka: Widal, 1:160, taifodi. Unanunua dawa, unaenda zako. Mwezi wa pili uko pale pale kwenye benchi. Ndiyo maana kamati yetu ya afya imeulizwa mara nyingi: mbona hii taifodi ya Kware haiishi?

Tulianza kulifuatilia jambo hili kwa sababu ya kijana mmoja wa mjengo, jirani yetu. Kwa miezi minne alipimwa katika kliniki tatu tofauti, na zote tatu zikamwandikia taifodi. Kila alipomeza siprofloksasini alipata nafuu siku chache, akarudi kazini, kisha homa ya jioni ikarudi pamoja na jasho la usiku. Mwishowe mama yake alimpeleka hospitali ya serikali, akaombwa makohozi. Kumbe ni TB. Na nyumbani kwao ni chumba kimoja, wanalala watu watano, wawili wakiwa watoto wa nasari.

Hatutazitaja kliniki hizo. Tena tuseme haki: wahudumu wale hawakudanganya. Waliandika kile kipimo kilichoonyesha. Shida ni kwamba kipimo chenyewe hakikuwa kimemwona bakteria yeyote.

Kipimo cha Widal kina jina la daktari Mfaransa, Fernand Widal, aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda unapopigana na vijidudu. Ni kama kusikia mbwa wa ploti akibweka usiku. Unajua kuna kitu kimempitia, lakini hujui ni mwizi, ni paka, au ni baba mwenye nyumba amechelewa kurudi. Askari wa taifodi ya mwaka jana wanaweza kuwa bado wamo damuni. Bakteria wengine wa jamii moja na wa taifodi huamsha askari wanaofanana nao. Hata malaria na magonjwa mengine huweza kukifanya kipimo kisome taifodi. Na mahali ambapo watu wengi wamewahi kukutana na kijidudu hiki, kama mitaa yetu, mtu mzima anaweza kupimwa akasoma 1:80 au 1:160 huku haumwi chochote.

Basi bakteria hujulikanaje kwa hakika? Kwa taifodi, njia iliyotegemewa miaka mingi ni kuotesha damu. Mtu mzima hutolewa damu ya kutosha, kama mililita 8 hadi 10, ambayo si ya tone la kidole. Hutolewa kabla hajameza dawa ya kuua bakteria, na ngozi ikiwa imesafishwa sawasawa. Damu hutiwa kwenye chupa yenye chakula cha vijidudu, ikawekwa kwenye joto la nyuzi 37, sawa na la mwili. Hapo watu husubiri siku moja, mbili, hata tano au saba. Hakuna njia ya mkato. Bakteria ni lazima azaane ndipo aonekane.

Chupa ikionyesha uhai, fundi wa maabara huchukua tone, hulipaka rangi kwa utaratibu aliouanzisha daktari Mdenmaki Hans Christian Gram mwaka 1884, na kuliangalia kwa darubini. Wengine hubaki zambarau, wengine huwa wekundu. Bakteria wa taifodi ni kifimbo chekundu. Lakini hapa ndipo wengi hukosea, kwani vifimbo vyekundu viko vingi na kwa macho vyote ni mapacha. Kwa hiyo fundi huwapanda kwenye sahani ya chakula maalumu chenye sukari ya maziwa. Wale wa kawaida wa tumboni huila sukari hiyo na kuota kwa rangi ya waridi. Wa taifodi haigusi, naye huota bila rangi. Je, kazi imekwisha? Bado! Kuna mwingine aitwaye Proteus ambaye pia huota bila rangi. Huyu hutengwa kwa kuangalia kama anavunja yurea, kwa sababu Proteus huivunja haraka na wa taifodi haivunji. Mwisho kabisa fundi hutumia dawa ya kugandisha inayoitambua jamii ya Salmonella, akajua kama huyu ni Typhi mwenyewe au ni ndugu yake Typhimurium. Ndugu huyo naye si wa kudharauliwa. Katika nchi zetu huingia kwenye damu ya watoto wadogo, hasa wenye malaria, utapiamlo au virusi vya ukimwi, na huua.

Kisha huja hatua ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayomfaa mgonjwa zaidi. Bakteria husambazwa kwenye sahani na juu yake huwekwa vipande vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa mbalimbali. Kesho yake, penye dawa inayofanya kazi kutakuwa na duara tupu. Penye dawa iliyoshindwa, bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi. Fundi makini hupima pia bakteria anayejulikana tayari, kuhakikisha kwamba sahani na karatasi zake hazidanganyi.

Jambo hili si la vitabuni tu. Watafiti wa KEMRI, akiwemo Profesa Samuel Kariuki, wamefuatilia taifodi ya Nairobi kwa miaka mingi, Mukuru jirani zetu wakiwemo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 waliripoti taifodi isiyosikia ampisilini, kloramfenikoli wala Septrin, dawa zilizokuwa tegemeo letu. Baadaye siprofloksasini nayo ikaanza kulegea. Kila kidonge kinachomezwa kwa ajili ya taifodi ya karatasi kinawafundisha bakteria wengine walio tumboni kukizoea. Na yule jirani yetu alipata hasara ya pili: dawa za aina ya siprofloksasini huweza kuituliza TB kwa muda bila kuiponya. Ile nafuu ya siku chache ndiyo iliyomchelewesha.

Tusieleweke vibaya. Taifodi ya kweli ipo, tena ni nyingi. Utafiti wa Kibera uliochapishwa mwaka 2012, ambao damu ilioteshwa, uliikuta kwa wingi, hasa kwa watoto. Ndiyo sababu Kenya ilianza kutoa chanjo ya taifodi kwa watoto mwezi wa Julai 2025, wa miezi 9 hadi miaka 14. Wala kuotesha damu si kipimo kamili, maana hukosa karibu nusu ya wagonjwa, na zaidi kama mtu ameshameza dawa za chemisti. Tena ngozi isiposafishwa vizuri, chupa huotesha vijidudu vya ngozi na mgonjwa akatibiwa ugonjwa asio nao. Pia gharama ipo, na si kila kliniki ina vifaa. Kazi hii hufanywa na hospitali kubwa na baadhi ya maabara kubwa. Mgonjwa aliyezidiwa hawezi kungoja siku tano. Daktari humwanzishia dawa, lakini damu iwe imeshatolewa kwanza.

Kwa hiyo ukiambiwa una taifodi, uliza kwa heshima: “Daktari, hii ni Widal ama damu imeoteshwa? Malaria imepimwa?” Angalia ukutani kama maabara ina leseni ya KMLTTB, bodi ya watu wa maabara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Tunza karatasi zako zote na uende nazo, kwa maana karatasi tatu za Widal katika miezi minne zingemwambia daktari kitu.

Kwa TB njia ni fupi zaidi. Mashine ya GeneXpert husoma chembe za urithi za bakteria kwenye makohozi kwa muda wa saa mbili hivi, na huonyesha pia kama dawa ya rifampisini itamfaa mgonjwa. Mwenye kikohozi, homa ya jioni, jasho la usiku au anayekonda aende kituo cha serikali. Kupimwa na dawa za TB ni bure.

Jirani yetu yuko mwezi wa tatu kati ya sita za dawa. Watoto wote wawili wamepelekwa kupimwa, na mama yake ndiye anayehesabu vidonge.