Kwa nini daktari hukupa vidonge viwili vya presha

Kijana akiondoka Musanda, upande wa Mumias katika Kaunti ya Kakamega, kwenda Nairobi kutafuta kazi, maisha yake hubadilika mara moja. Nyumbani alilima, akatembea kwa miguu na kula viazi vitamu na mboga za kienyeji. Mjini hupanda matatu na kula chipsi zilizonyunyiziwa chumvi. Je, mwili huyahisi mabadiliko hayo?

Jibu lilipatikana katika eneo hilohilo la magharibi mwa Kenya. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990, Dkt. Neil Poulter na wenzake waliwafuata Waluo waliohamia Nairobi kutoka mashambani, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Muda mfupi tu baada ya kuhama, shinikizo la damu la waliohama lilikuwa juu zaidi. Mkojo wao pia ulikuwa na chumvi nyingi zaidi.

Kiungo kinachosimamia chumvi na maji mwilini ni figo. Shinikizo likishuka, figo hutoa renini, ambayo huanzisha utengenezaji wa homoni iitwayo angiotensini. Homoni hii husafiri katika damu hadi inapofika kwenye vipokezi vyake, ambavyo ni kama kufuli zinazosubiri ufunguo. Ikishika vipokezi vya aina ya kwanza, mishipa ya damu hubana, na figo huzuia chumvi na maji visitoke. Shinikizo hupanda.

Kazi hiyo humwokoa mtu aliyepoteza damu nyingi au anayeharisha. Lakini homoni ikizidi kwa miaka mingi, misuli ya moyo hunenepa na figo huingia makovu, hasa kwa wagonjwa wa kisukari.

Dawa kama enalaprili hupunguza utengenezaji wa angiotensini. Losatani huiacha homoni itengenezwe, lakini huziba vipokezi vyake.

Hata hivyo, Waafrika wengi wenye presha wana renini kidogo; tatizo lao kubwa ni chumvi na maji yanayobaki mwilini. Ndiyo maana dawa moja ya kuzuia angiotensini mara nyingi haiwatoshi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 kutoka nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba amlodipini, ambayo hulegeza mishipa, ikiunganishwa na dawa ya kukojoza au na dawa ya kuzuia angiotensini, ilishusha shinikizo vizuri kuliko dawa hizo mbili za mwisho zikitumiwa pamoja bila amlodipini.

Basi, msomaji, ukipewa vidonge viwili usidhani daktari amekosea. Kila kimoja kina kazi yake. Usiache kimoja ili upunguze gharama, wala usimgawie jirani. Ukipata kikohozi kikavu kisichoisha, mwambie daktari akubadilishie dawa. Midomo au ulimi ukivimba, kimbilia hospitali mara moja. Mama mjamzito asitumie enalaprili wala losatani, kwani huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Anayezitumia na kugundua ana mimba amwone daktari bila kuchelewa.

Presha haiumi. Wengi huacha dawa wakijisikia wazima, kumbe uzima huo umeletwa na dawa zenyewe. Pima shinikizo lako, punguza chumvi mezani, na ukienda likizo Musanda, usisahau vidonge mjini.