Juu ya Kufungasha Data kwa Safari

Katika nchi ya Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, mtu ahamaye kufuata malisho hawezi kuichukua nyumba yake ilivyo. Vyombo hukusanywa, hufungwa mizigo, na mizigo hupandishwa juu ya punda. Kisha punda hufuatana njiani mmoja nyuma ya mwenziwe. Wafikapo, mizigo hufunguliwa, na kila kitu hurudishwa mahali pake. Afunguaye hapati taabu, kwa kuwa ndiye aliyefunga, au ni mtu wa nyumba ile ile ajuaye desturi ya kufunga. Lakini mizigo hiyo ikifunguliwa na mgeni asiyeijua desturi, huenda akakifanya kibuyu cha maziwa kuwa cha maji, na hasara ikatokea ingawa hakuna kilichovunjika.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu makala haya yahusu jambo la namna hiyo hiyo litendekalo katika kompyuta. Wengi wetu tunaochunguza lugha twakusanya maneno vijijini kwa kompyuta na simu, kisha twayapeleka mbali yakahifadhiwe. Twadhani kwamba kilichoandikwa kimehifadhika. Sivyo hivyo kila mara.

I. Maana ya kufungasha

Ndani ya kompyuta kila kitu ni baiti, na baiti moja ni namba isiyopungua 0 wala kuzidi 255. Baiti yenyewe haina jina. Baiti yenye thamani ya 65 yaweza kuwa hesabu ya mbuzi sitini na watano, au yaweza kuwa herufi A. Kinachoamua ni programu, ambayo hujua kwamba mahali fulani imeweka namba na mahali fulani imeweka maandishi. Ujuzi huu huitwa aina ya data, nao hukaa katika programu, haukai katika baiti.

Basi kufungasha data ni kuzitoa katika umbo lake la ndani na kuzipanga baiti baada ya baiti katika mfuatano mmoja, uwezao kuandikwa katika faili au kupitishwa katika waya, kwa sharti kwamba programu nyingine, katika kompyuta ya namna nyingine, iweze kuzijenga upya zikiwa na maana ile ile. Kazi hii ya pili naiita kufungua.

Yafaa niseme neno juu ya istilahi. Wengine husema kufuatanisha, kwa kuwa baiti hupangwa kwa mfuatano. Neno hilo ni sahihi, lakini lataja umbo tu na kuacha kusudi. Kupakia na kupakua kungefaa zaidi, ila maneno hayo yamekwisha kuchukuliwa na kazi ya kupeleka na kuleta faili katika intaneti. Kufungasha kuna faida ya kutaja safari: hakuna mtu afungashaye asiyekusudia kuondoka.

II. Baiti ipi itangulie

Tuanze na namba, ambayo wengi hudhani haina matata. Namba 258 haienei katika baiti moja; yahitaji mbili. Ya kwanza ni 1, yaani mara moja 256, na ya pili ni 2. Lakini zipo kompyuta ziandikazo baiti kubwa kwanza, na zipo ziandikazo ndogo kwanza. Mashine kubwa za IBM zilifuata njia ya kwanza. Kompyuta zenye kichakato cha Intel hufuata ya pili. Mtu akiandika ng'ombe 258 katika mashine ya namna moja, na baiti zile zikasomwa bila kugeuzwa katika mashine ya namna nyingine, ya mwisho itasoma 2 mara 256 na 1 juu yake, yaani ng'ombe 513. Hakuna onyo litakalotolewa, kwa kuwa 513 ni namba halali.

Msemaji wa Kiswahili asistaajabu, maana lugha yetu yenyewe ina njia zote mbili. Twasema kumi na tano, kikubwa kikitangulia. Na twasema hamstashara, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu yatanguliza tano na kufuatisha kumi. Sisi hatukosei kwa kuwa tumeyajua maneno yote mawili, lakini mashine haina ujuzi huo isipopewa. Danny Cohen, katika maandishi yake ya mwaka 1980, aliwafananisha mafundi wa pande hizi mbili na watu wa hadithi ya Jonathan Swift ya mwaka 1726, waliopigana vita kwa ajili ya upande wa kupasulia yai. Alionyesha kwamba kilicho muhimu si upande gani uchaguliwe, bali wote wakubaliane. Katika kanuni za msingi za intaneti ilikubaliwa kwamba baiti kubwa itangulie.

III. Herufi

Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi be kwa sauti ya b na kwa sauti ya p pia, hata pata na bata yaweza kuandikwa kwa sura moja. Msomaji alitofautisha kwa kuijua lugha na maana ya sentensi. Hapa twaona kanuni ya kwanza: mwandiko huchukua tu kile ulichokitengea mahali, na kilichobaki humwachia msomaji.

Kimasai kinatupa mfano mwingine. Katika lugha hiyo kitenzi hutangulia, kisha hufuata majina, na tofauti ya mtenda na mtendwa huonekana katika kidatu cha sauti, kama walivyoeleza A. N. Tucker na J. T. Ole Mpaayei katika kitabu chao cha sarufi cha mwaka 1955. Mwandiko wa kila siku hauandiki vidatu. Kwa hiyo mchunguzi hana budi kutumia alama na herufi zaidi ya zile za mashine ya chapa.

Orodha ya herufi iitwayo ASCII, iliyotolewa mwaka 1963, ina nafasi 128 tu, nayo haikuzijua herufi hizo. Orodha ya Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, huipa kila herufi namba yake. Na mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, yaani njia ya kuzifungasha namba hizo katika baiti. Chukua herufi ɛ, itumiwayo kuandika irabu moja ya Kimasai. Katika UTF-8 hufungashwa kwa baiti mbili, 201 na 155. Ikifunguliwa na programu inayodhani kwamba ni maandishi ya Windows ya Ulaya ya Magharibi, kila baiti husomwa kuwa herufi kamili, na badala ya ɛ huonekana É›.

Mimi mwenyewe nilipata kupeleka orodha ya maneno niliyoandika Endulen katika ofisi moja, ikarudi ikiwa imejaa alama za kuuliza. Hapo nilijifunza kwamba kuna makosa ya namna mbili yasiyolingana hata kidogo. Ningalirudishiwa É› nisingalipoteza kitu, kwa kuwa baiti 201 na 155 zingali zimo, na kuzisoma tena kwa njia ya haki kungaliirudisha ɛ. Lakini alama ya kuuliza ni baiti nyingine, iliyowekwa mahali pa ile iliyoondolewa. Hapo hakuna kitu cha kurudisha.

IV. Vitu vyenye sura ya namba, na vitu vyenye alama

Aina ya data ikipotea, mashine hubuni. Namba ya kadi 0047 ikidhaniwa kuwa hesabu huandikwa 47. Namba ya Kitambulisho cha Taifa cha Tanzania ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Programu nyingi hushika namba kwa njia isiyo na uhakika wa kila namba nzima ipitayo 9,007,199,254,740,992, yenye tarakimu 16. Zaidi ya hapo tarakimu za mwisho hugeuka. Basi namba ya kitambulisho ikifungashwa kama hesabu yaweza kufunguliwa ikiwa ya mtu mwingine. Hiyo si hesabu. Hakuna ajumlishaye vitambulisho. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na yapasa kufungashwa kama maandishi.

Hali kadhalika saa. Mtu wa Endulen akisema saa tatu asubuhi, na mwandishi akaandika 3:00, mashine itaelewa saa tisa ya usiku. Na 3/4 kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini Marekani ni tarehe 4 Machi. Kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Na saa tatu ya asubuhi ya Afrika Mashariki huandikwa 09:00+03:00.

Nazo alama zitenganishazo zina hatari yake. Katika majedwali ambayo hutenganisha safu kwa mkato, mkato uliomo ndani ya maelezo ya neno huikata safu vipande viwili usipozungushiwa alama za kunukuu. Na huku Karatu kuna jambo la pekee: katika mwandiko wa Kiiraqw, mkwaju / ni herufi kamili ya sauti ya kooni, lakini katika kompyuta nyingi mkwaju hutenganisha majina ya majalada. Mchunguzi akiipa faili ya sauti jina la neno lenye herufi hiyo, mashine itatafuta jalada lisilokuwapo. Kwa sababu hii kila muundo mzuri una kanuni ya kusema, alama hii hapa si mpaka, ni sehemu ya mzigo.

V. Marejeo

Ndani ya programu kitu kimoja huelekeza kwa kingine kwa kutaja anwani yake katika kumbukumbu. Anwani hiyo haina maana nje ya kompyuta ile, kama vile maneno "boma la nyuma ya kilima kile" yasivyokuwa na maana kwa mtu asiyekiona kilima. Watungaji wa kamusi walilijua jambo hili zamani. Kamusi haimwambii msomaji atazame ukurasa wa 112, kwa kuwa kurasa hubadilika kwa kila toleo. Humwambia atazame neno fulani. Vivyo hivyo anayefungasha hana budi kukipa kila kitu jina la kudumu na kuelekeza kwa jina hilo. Tena awe na hadhari: neno la kwanza likielekeza kwa la pili, na la pili kwa la kwanza, programu isiyoweka kumbukumbu ya ilikopita itazunguka bila kukoma.

VI. Miundo

Miundo ya kufungashia ni mingi, lakini yaweza kugawanywa katika jamii mbili. Ya kwanza huchukua majina pamoja na mizigo. Katika XML, iliyoidhinishwa mwaka 1998, na JSON, ambayo kanuni yake ya sasa ni ya mwaka 2017, kila kitu hutanguliwa na jina lake, na binadamu aweza kuisoma faili kwa macho. Mfano wake ni upatanisho wa Kiswahili: katika "vitabu vyangu viwili vimepotea" kila neno lachukua alama ya ngeli, nasi twajua bila shaka ni nini kilichopotea. Maneno huwa marefu, lakini kosa huonekana.

Jamii ya pili huacha majina nyumbani. Katika Protocol Buffers, iliyotolewa na Google kwa watu wote mwaka 2008, kila sehemu hupewa namba tu, na maana ya namba hizo hukaa katika hati ya mapatano iliyo mikononi mwa pande zote mbili. Mzigo huwa mwepesi na mwendo huwa wa haraka. Lakini hati ikipotea, baiti hubaki bila mkalimani. Na namba iliyokwisha kutumiwa kwa jambo moja haifai kupewa jambo jingine kamwe, maana faili za zamani bado zinaitumia.

Iko pia miundo, kama ule uitwao pickle wa lugha ya Python, ambayo mzigo wake waweza kuiamuru programu ifunguayo kutenda kazi. Mzigo wa namna hiyo usifunguliwe isipokuwa umetoka kwa mtu uaminiye.

VII. Shauri

Kwa kazi zetu za lugha nashauri hivi. Kwanza, tutumie UTF-8, na tuliseme jambo hilo waziwazi. Pili, tuhifadhi katika muundo uchukuao majina, kwa kuwa atakayefungua huenda hajazaliwa. Tatu, namba zisizo za kuhesabia tuziandike kama maandishi. Nne, hati ya kueleza aina za data ikae pamoja na data zenyewe. Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, tufungashe, tufungue katika kompyuta nyingine, tulinganishe neno kwa neno, kabla hatujaondoka mahali tulipokusanya.

Jambo hili la mwisho lina uzito wake Endulen. Mwezi wa Juni 2022 watu wa Ngorongoro walianza kuhamia Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Waliokuwa majirani sasa wako mbalimbali, na mzee aliyelitamka neno mwaka jana huenda mwaka huu hapatikani pale, au hayupo tena duniani. Zamani mchunguzi aliyeharibikiwa na daftari aliweza kurudi kwenye boma lile lile na kuuliza upya. Sasa yafaa tuyaone makosa ya faili wakati msemaji angali ameketi mbele yetu, naye aweza kutwambia, "Sivyo, rudia tena."